Mafundi Walioficha Brashi

Katika miaka ya 1630, mchoraji Anthony van Dyck wa Antwerp alisimamia mkusanyo wa sura za watu mashuhuri, zilizochongwa katika mabamba ya shaba na kupigwa chapa. Kati ya picha 80 za awali, 28 ni za watawala, majemadari, wakuu wa dola na wanazuoni. 52 ni za wasanii na wapenzi wa sanaa. Katika Ulaya ya makabaila, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini, ndugu msomaji, itazame mikono yao! Wengi hawakushika brashi wala patasi. Wamejitanda majoho mapana mithili ya mabwana wasiojua jasho. Heshima walipewa, ila kwa sharti la kuificha kazi iliyowalisha. Na fundi aliyelichonga bamba lenyewe, kama Lucas Vorsterman, jina lake limo chini kabisa, kwa herufi ndogo.