Kumbukumbu ya Joto la Bahari katika Tumbawe la Malindi

Msamiati wa bahari katika Kiswahili umejengwa juu ya mambo yanayorejea. Maji hujaa na kupwa, bamvua hufuatwa na maji mafu, kaskazi huipisha kusi. Hata chombo kilichopwelewa husubiri tu maji yarudi. Badiliko lisilorudi nyuma ni jambo jingine.

Badiliko la aina hiyo, hata hivyo, limehifadhiwa Malindi katika tumbawe. Mnamo mwaka 2000, Julia Cole na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa tumbawe moja lililokua huko. Tumbawe hujiongezea tabaka la chokaa kila mwaka, mithili ya pete za mti. Ndani ya chokaa hiyo mna oksijeni nzito na nyepesi. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo ile nzito inavyopungua. Kwa kupima tabaka baada ya tabaka, watafiti hao walipata kumbukumbu ya miaka 194, yaani 1801 hadi 1994. Ikumbukwe kwamba mnamo 1801 Malindi yenyewe ilikuwa mahame. Mji ulihuishwa na Sultani wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Hapakuwa na mtu wa kupima joto la maji.

Kumbukumbu hiyo ina sura mbili. Ya kwanza hupanda na kushuka kwa kufuata hali ya Bahari ya Pasifiki, hususan El Niño, na hii yaweza kuelezwa kwa lugha ya mzunguko bila taabu. Ya pili ni ongezeko la joto linalofikia nyuzi 1.3 za Selsiasi tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1998 sura hizo zilikutana: maji yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, yakapauka na kufa.

Maji yakipata joto hutanuka. Kutanuka huko, pamoja na kuyeyuka kwa barafu ya nchi kavu, kumepandisha usawa wa bahari duniani kwa takriban sentimita 20 tangu 1900. Katika pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kiasi hicho hakionekani kwa siku moja. Lakini bamvua nayo sasa huanzia juu zaidi, na huko Jumba la Mtwana, kusini mwa Kilifi, msikiti wa karne ya 14 umesimama hatua chache tu kutoka ufukweni.