Jumatatu Iliyofuata Sherehe

Uionapo MGB, ile motokaa ndogo ya Kiingereza yenye viti viwili na paa la turubai, huenda ukadhani ni chombo cha anasa tu. Lakini jiulize iliundwa na nani. Katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, kiwanda cha MG hakikuwa na mtambo wa kuvuta magari. Wafanyakazi waliyasukuma kwa mikono kutoka fundi hadi fundi. Huyu alifunga taa, yule usukani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilielemewa na madeni, na chuma kiligawiwa kwanza viwanda vilivyouza bidhaa ng'ambo. MG ilianza na TC mwaka 1945. Gari hilo lilikuwa na usukani upande wa kulia tu. Hata hivyo Wamarekani, waendeshao upande mwingine wa barabara, walilipenda! MGA ikafuata mwaka 1955, na MGB mwaka 1962. Ziliundwa MGB zaidi ya 500,000, na nyingi zilipelekwa Marekani.

Mwenye mteja mmoja mkubwa hucheza ngoma ya mteja huyo. Mwaka 1974, ili kutimiza sheria za Marekani, MGB ilivishwa bampa nene nyeusi za mpira, ikainuliwa pia. Ikawa yayumba kwenye kona, na kwa macho yangu uzuri wake ukapotea. Kisha paundi ikapanda thamani mbele ya dola. Wakuu wa British Leyland, wenye kiwanda, wakadai kila gari lililouzwa huko liliwatia hasara ya paundi 900.

Mwanzoni mwa Septemba 1979, Abingdon ilisherehekea miaka 50 ya kiwanda chake. Jumatatu iliyofuata, tarehe 10, ikatangazwa kwamba MGB haitaundwa tena. Hebu fikiri habari hiyo ilivyopokewa majumbani jioni ile. Wapenzi wa MG waliandamana London. Kikundi kilichoongozwa na Aston Martin kikajaribu kununua kiwanda, kikashindwa. Oktoba 1980 gari la mwisho likatoka.

Mwaka 1988 bodi mpya za MGB zilianza kutengenezwa tena kwa mitambo ile ile ya zamani, maana wenye magari hayo walizihitaji. Abingdon hapakuwa tena na kiwanda cha kuziunga.