Mkono Uliopooza Hufundishwa kwa Kazi

Leo tuache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumzie mikono yenyewe inayoshika jembe.

Kiharusi humpata mtu pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo hufa, na mara nyingi upande mmoja wa mwili hulegea. Nyumbani wengi husema, basi, huyu hawezi tena. Tunamlisha, tunamvika, jioni tunamkanda. Hayo ni mapenzi, lakini mkono usiotumika huzidi kusahau kazi.

Je, mkono hukumbushwaje? Sehemu za ubongo zilizobaki nzima huweza kujifunza, nazo hujifunza kile hasa kinachorudiwa. Anayetaka kushika kikombe, ashike kikombe. Kuinua mkono hewani tu hakutoshi.

Mwaka 2006 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222, waliokuwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Baadhi yao walivishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa wiki 2, wakafanya kazi za kila siku kwa mkono dhaifu. Mwaka mmoja baadaye walikuwa bado mbele ya wenzao. Njia hiyo yataka mtaalamu, na huwafaa wenye vidole vinavyonyooka japo kidogo. Lakini somo lake ni letu sote.

Basi fanyeni hivi, baada ya daktari kuruhusu.

Kwanza, chagueni kazi mbili au tatu anazozihitaji mwenyewe. Mkono dhaifu ushike gunzi, mkono mzima upukuchue mahindi, kisha abadilishe. Achambue maharage kwenye ungo. Afunge vifungo vya shati.

Pili, ajifunze kusimama. Kiti kirefu kiegemezwe ukutani, nyayo zote mbili zikanyage chini, ainame mbele, asimame, kisha akae polepole. Msaidizi awe upande dhaifu. Akizoea, tumieni kiti kifupi zaidi, mpaka afikie kigoda.

Tatu, arudie mara nyingi kila siku, kidogo kidogo, akipumzika. Kazi ikiwa rahisi, iongezeni ugumu.

Angalieni: msimvute kwa mkono dhaifu, bega litaumia. Mkono usiohisi usikaribie moto. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache. Dawa za shinikizo la damu asizikatize. Na mtu yeyote mdomo ukimpinda ghafla, mkono ukaanguka au maneno yakakwama, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Ndugu wakulima, si kila mgonjwa atalima tena shamba lake lote. Lakini anayejivika na kupukuchua debe lake la mahindi amerudi kazini. Basi msimnyang'anye kazi. Mpunguzieni tu ukubwa wake.

Mpaka kipindi kijacho, kazi njema.