Kuzunguka Bila Kupata Kizunguzungu

Ni nani asiyekumbuka mchezo ule wa utotoni wa kuzunguka kama pia, kisha kusimama ghafula na kuiona miti yote ikizunguka? Mtoto huanguka akacheka. Lakini mchezaji wa taekwondo ageukaye ili apige teke la nyuma hana nafasi ya kuyumba, kwani akiyumba hupigwa yeye. Mrusha kisahani naye akipoteza mizani hutoka nje ya duara lake la mita 2.5, na mtupo wake hukataliwa. Je, kizunguzungu hutokana na nini, nacho huepukwaje?

Chanzo chake kimo sikioni. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Daktari Robert Bárány wa Vienna alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kuchunguza kazi ya kiungo hicho. Ili kuielewa, lizungushe beseni lenye maji. Kwanza beseni hutangulia na maji huchelewa. Baadaye maji hulifuata. Ukilisimamisha, maji huendelea kuzunguka. Ndivyo ilivyo sikioni. Tuanzapo kuzunguka, majimaji huchelewa na kuvipinda vinywele vidogo vya fahamu, navyo huuarifu ubongo. Tusimamapo, majimaji huendelea na kuvipinda upande wa pili. Sikio husema tunazunguka, miguu husema tumesimama, na macho huchezacheza. Mgongano huo wa habari ndio kizunguzungu.

Wacheza densi ya baleti hutumia njia rahisi. Mchezaji hukaza macho kwenye alama moja ukutani. Mwili hugeuka, kichwa kikabaki. Kisha kichwa hugeuzwa upesi kuliko mwili, na macho huirudia alama ile ile. Kwa kuwa kichwa huzunguka kwa muda mfupi na kusimama, msukumo wa kuanza hufutwa na ule wa kusimama. Katika taekwondo na karate pia, kichwa hutangulia ili macho yamwone mpinzani kabla ya teke kutoka.

Wachezao juu ya barafu huzunguka kwa kasi mno hata njia hiyo isiwezekane. Wao hutegemea mazoea: ubongo hujifunza kuzipuuza habari za sikio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wataalamu wa Imperial College London uliwalinganisha wanawake 29 wacheza baleti na wanawake 20 wapiga makasia. Hisia ya kuzunguka iliwaisha wacheza baleti mapema zaidi, na tofauti ilionekana pia katika ubongo mdogo wa kisogoni.

Basi, mwanafunzi na aanze polepole, kwa mizunguko michache, mahali pasipo na vitu vigumu, na mwenzake akiwa karibu. Amalizapo, akazie macho kitu kisichosogea. Akihisi kichefuchefu, apumzike; kujilazimisha si ushujaa. Siku kwa siku aongeze kidogo.

Hata hivyo, tusichanganye mambo. Kizunguzungu kimpatacho mtu asiyezunguka si jambo la mazoezi. Kikiandamana na kupungua kusikia, yafaa amwone daktari. Kikija ghafula pamoja na ulimi mzito au udhaifu wa mkono au mguu, hapana budi apelekwe hospitali mara moja.