Nyota ya mjukuu haioshwi

Kwenye nguzo ya umeme karibu na taa za barabarani za Nakawa, Kampala, upande wa kwenda Jinja, kuna karatasi ambayo mvua imeshakula nusu yake. Nusu iliyobaki inaahidi kurudisha mpenzi, kufungua biashara, kupandisha cheo na, kwa herufi kubwa kuliko zote, KUSAFISHA NYOTA. Chini kuna namba ya simu, na hiyo mvua haikuigusa.

Nisingeandika lolote juu yake kama si mzee mmoja tunayemwita jjajja, anayeuza viazi vitamu sokoni. "Mwanangu, wewe si ndiye unayeandika mambo ya sayansi?" aliniuliza huku akinipangia fungu. "Mjukuu wangu anaanguka. Wameniambia nyota yake imefunikwa na wingu, inataka kuoshwa. Laki mbili. Nilipe?"

Wiki hiyohiyo simu yangu ilijaa ule ujumbe usiokufa: usiku wa leo, kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu, miale kutoka sayari ya Mars itapita karibu na dunia, zimeni simu, msilale nazo, NASA na BBC wamethibitisha. Walionitumia ni watu wazima, baadhi yao wana digrii. Mmoja aliuliza kama miale hiyo inamdhuru mtoto aliye tumboni.

Lugha yetu nayo imechangia fujo hii. Neno mnajimu tumelibebesha watu wawili: anayekusomea bahati kwa laki mbili, na anayekesha kwenye darubini. Wa kwanza anajulikana kila kona ya Kampala. Leo nataka kumzungumzia wa pili, kwa sababu ndiye aliyepima kinachotufikia kutoka juu.

Nianze na eksirei, maana hiyo msomaji wa ukurasa wa afya anaifahamu. Gesi inayotumbukia kwenye shimo jeusi katikati ya galaksi hupata moto kiasi cha kutoa eksirei, ndugu wa ile inayopiga picha ya mfupa wako uliovunjika. Angani zimejaa, na hata moja haifiki Nakawa, kwa kuwa angahewa huzimeza zote huko juu kabla hazijatukaribia. Anayetaka kuziona lazima apande juu ya hewa, na waliofanya hivyo kwa mara ya kwanza kwa satelaiti ya kazi hiyo tu walipandia pwani yetu wenyewe. Desemba 12, 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti ya Wamarekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, nayo satelaiti ikaitwa Uhuru. Malindi ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta: dunia inapozunguka, roketi hupata msukumo wa bure.

Namna Uhuru ilivyofanya kazi ni rahisi mno, na mimi huwa siachi kuisimulia. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, vipokezi vyake vikifagia ukanda wa anga kama mtu anayefagia ua kwa mstari. Kila kilichotoa eksirei kiliacha mruko kwenye grafu. Kesho yake mhimili wake unageuzwa kidogo, ukanda mwingine unafagiwa. Hakuna aliyechagua nyota ya kutazama. Walifagia anga yote wakahesabu kilichojitokeza. Orodha ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, yakiwemo makundi ya galaksi kama lile la Coma, ambamo gesi yenye joto la mamilioni ya digrii imejaa kati ya galaksi na galaksi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sijawahi kuona bango la Malindi linalojisifia hilo.

Mwanamke aliyeipokea kazi ya namna hiyo na kuileta karibu nasi ni Mirjana Pović. Alizaliwa Serbia, akasomea udaktari wake wa falsafa visiwa vya Canary, akichunguza galaksi zinazotoa eksirei kali: je, zina umbo gani, rangi gani, na shimo jeusi la katikati linaifanyia nini galaksi inayolibeba? Angeweza kubaki Uhispania. Akaja Addis Ababa, kwenye taasisi ya sayansi ya anga ya Ethiopia, na kutoka huko akashirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, hapa Uganda, kulea wanafunzi wa fizikia ya nyota. Mwaka 2018 wachapishaji wa jarida la Nature walimpa tuzo. Tuzo ni jambo jema. Kinachonivutia mimi ni orodha aliyoitoa na wenzake mwaka 2013: galaksi 22,051, zimepangwa moja moja kwa maumbo.

Zilitoka kwenye mradi wa ALHAMBRA, uliotumia darubini yenye kioo cha mita 3.5 huko Calar Alto, kusini mwa Uhispania. Ujanja wake ulikuwa vichujio. Eneo lilelile la anga walilipiga picha kupitia vichujio 20 vya mwanga wa kawaida, kila kimoja kikipitisha kipande chembamba cha rangi, kisha vitatu vya mwanga wa infraredi. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu spektrografu, chombo kinachopasua mwanga wa kitu kimoja hadi uzi wa mwisho, ni polepole. Ni kama kuonja nyanya moja moja sokoni. Kichujio hutazama rundo zima kwa mara moja.

Hapa wahariri wangu huanza kunikatisha, lakini vumilia. Galaksi iliyozeeka, iliyojaa nyota kuukuu, ina alama mwilini mwake: mwanga wake hushuka ghafla chini ya nanomita 400, kwa kuwa kalisi na metali nyingine kwenye tabaka la juu la nyota hizo huunyonya. Alama hiyo haidanganyi. Sasa pitisha mwanga wake kwenye vichujio 20, kimoja baada ya kingine, utafute kile ambacho baada yake galaksi inafifia. Tuseme umeukuta mteremko kwenye nanomita 600 badala ya 400. Gawanya: 1.5. Maana yake, tangu mwanga huo uanze safari, ulimwengu umetanuka mara moja na nusu na kuunyoosha mwanga njiani. Ukiingiza namba hiyo kwenye hesabu za utanukaji, unapata kwamba mwanga uliondoka miaka bilioni 5 hivi iliyopita. Jua letu lina miaka bilioni 4.6.

Rudia sentensi hizo mbili za mwisho. Mwanga huo ulikuwa umeshafunga safari kabla jua halijawaka, kabla ya dunia, kabla ya viazi vitamu. Na kuna bwana mwenye namba ya simu kwenye nguzo anayesema vitu vya huko vimepewa jina la mjukuu wako, na kwamba yeye, kwa beseni la maji na majani, ataviosha.

Umri wa mwanga ukishajulikana, linabaki umbo la galaksi: duara laini kama yai, au lenye mikono inayozunguka? Pović na wenzake waliifundisha programu ya kompyuta kazi hiyo. Wengine waliwaomba watu. Julai 2007 wanaastronomia wa Uingereza walikuwa na picha za galaksi karibu milioni moja kutoka ukaguzi wa anga wa Sloan, wakaziweka mtandaoni wakisema yeyote mwenye macho asaidie. Mradi ukaitwa Galaxy Zoo. Ndani ya mwaka mmoja zilikuja hukumu zaidi ya milioni 50 kutoka kwa watu zaidi ya 150,000, na mwalimu mmoja wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona wingu la ajabu ambalo wataalamu walikuwa wamelipita. Mradi bado upo. Mimi hupanga galaksi kwenye simu nikisubiri bodaboda, swali ni lilelile: ni laini, au ina mikono? Kazi haitaisha leo wala kesho, maana Juni 2025 kituo cha Rubin, Chile, kilionyesha picha za kwanza za kamera ya pikseli bilioni 3.2, nayo itafagia anga ya kusini kwa miaka kumi.

Ile miale ya saa sita na nusu je? Miale ya kosmiki ipo kweli, ila haitoki Mars na haina ratiba. Ni punje, nyingi zikiwa protoni, zinazogonga angahewa usiku na mchana; mabaki yake, yaitwayo muoni, yanapita kwenye kiganja chako kama moja kila sekunde, hata sasa unaposoma. Simu haiwezi kuyavuta wala kuyafukuza. Kwa wastani wa dunia nzima, mtu hupata kutoka angani kama milisiveti 0.4 kwa mwaka, wakati picha moja ya CT ya tumbo inaweza kufika 8. Anayetaka kuhofia kitu, ahofie kupigwa picha hospitalini bila sababu.

Ushauri, kwa haraka. Zima simu upate usingizi, Mars haihusiki. Mjamzito, sema kabla hujapigwa eksirei. Jua likipatwa, kama lilivyopatwa Pakwach Novemba 3, 2013, usilitazame kwa macho matupu wala kwa miwani nyeusi ya kuuzwa barabarani. Kuna miwani maalumu. Ujumbe wa miale ukija tena, ufute.

Na jjajja? Nilimwambia asilipe. Mtoto anayeanguka, anayekakamaa na kutoa povu, kisha akaamka hakumbuki, dalili hizo ni za kifafa hadi daktari aseme vinginevyo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Huweza kuletwa na malaria iliyopanda kichwani, na taabu wakati wa kuzaliwa, au na mayai ya minyoo ya nguruwe. Hakiambukizi kwa povu, kwa mate wala kwa kumshika mtoto, na wanaokimbia akianguka ndio wanaomwacha aungue kwenye sigiri. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, ngoja hali hiyo ipite. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka tena wakipata dawa zinazofaa na kuzinywa kila siku, na dawa zenyewe ni za siku nyingi na si ghali.

Hospitali ya Butabika hutibu kifafa. Iko humuhumu kwenye Tarafa ya Nakawa, na nauli ya bodaboda kutoka sokoni hadi langoni kwake haikaribii laki mbili.