Rimoti ya kompyuta ijaribiwe kabla ya kuvuka mpaka
MUTAKURA, Bujumbura – Mwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni sebuleni hutaka rimoti ya bei nafuu. Mfanyabiashara anayemnunulia Kariakoo, Dar es Salaam, asichukue rimoti ya kawaida ya televisheni: kompyuta nyingi hazina jicho la kupokea mwanga wake. Inayofaa ni yenye kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Kompyuta huitambua kama kibodi. Kwa kawaida kila rimoti ina kipokezi chake, hivyo kikikosekana, mzigo umekufa. Afungue kila boksi, atie betri, ajaribu vitufe vyote papo hapo dukani. Akishavuka Kabanga na kuingia Kobero, nauli ya kurudisha rimoti moja mbovu huimeza faida.