Haji Korongo Katika Nyanda za Rongai

Anitajiaye Rongai hunikumbusha matatu. Mwenye kunilaumu na apande moja jioni kutoka mjini Nairobi, kisha anieleze alisikia nini kingine zaidi ya ngoma masikioni mwake. Sikudhani hata siku moja kwamba nitakwenda huko kutazama ndege. Lakini ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa Machi, mpwa wangu aliponiita nikawe shahidi wake katika ununuzi wa ploti. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "mama ametangulia, na mimi huku sina mtu mzima mwingine." Neno kama hilo halina jibu ila kufunga safari.

Mpwa wangu huyu ni karani siku tano za wiki, na siku mbili zilizobaki ni mtumwa wa kamera yake. Hapigi picha za maharusi, ambazo zingemletea fedha. Yeye hupiga ndege. Basi tuliswali alfajiri nyumbani kwake kwenye chumba cha kupanga, tukanywa chai kwa mahamri niliyomletea kutoka Mombasa, tukatoka mapema ili tufike penye ploti kabla ya dalali.

Kwa Kimaasai, Ongata Rongai ni kama kusema uwanda mwembamba. Siku hizi wembamba umebaki, uwanda ndio wa kutafuta. Maghorofa yamebanana hadi karibu na Mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto ni Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya. Mbuga ile imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini umeachwa wazi ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua kwenda kulisha katika nyanda za Kitengela. Tulishika njia ya Tuala. Kila tulipokwenda nyumba zilipungua, na seng'enge zikaongezeka.

Masika yalikuwa yameionja ardhi siku chache tu, majani yakaanza kuchipua. Juu ya waya za umeme walijipanga mbayuwayu, mmoja mmoja kama punje za tasbihi. Mpwa wangu akanipa darubini na kuniambia kwamba hao ni wageni, nyumbani kwao ni Ulaya na Asia, na uzito wa mmoja ni kama gramu 20. Mimi mbayuwayu nimewajua tangu chuoni. Maalim wetu, ambaye kwa bakora hakuwa na huruma na mtoto yeyote, alikuwa hakubali mbayuwayu atupiwe jiwe. Sababu hakutuambia, na sisi tulikuwa hatuulizi.

Kisha niliwaona korongo. Nilihesabu hadi 60 nikapotea, nikaanza tena, nikapotea tena. Weupe mwili mzima, ncha za mbawa nyeusi, midomo na miguu myekundu, wakitembea majanini taratibu kama wazee waliotoka msikitini Ijumaa, mikono nyuma, hawana haraka ya chakula ingawa wanakula. Mmoja akainama, akainuka na panzi mdomoni, akamrusha ndani ya koo.

Waarabu humwita ndege huyu laklak, kwa mlio wa mdomo wake, maana sauti hana. Hugonganisha midomo kama mtu apigaye vijiti. Waturuki wakamwongezea cheo, wakamwita Haji Leylek. Walimwona akiondoka kwao kila mwaka kuelekea kusini, wakasema anakwenda Makka. Heshima ile si haba, ingawa wengi wao, kumbe, walikuwa wakija kulisha panzi huku kwetu.

Wazungu nao hawakujua waendako. Kwa karne nyingi wako walioamini kwamba ndege wakati wa baridi hujificha ndani ya matope ya ziwa. Mwaka 1822, karibu na mji mdogo wa Klütz huko Ujerumani, alipigwa risasi korongo mwenye mkuki wa Kiafrika uliopita shingoni mwake, mrefu kama sentimita 80. Alikuwa ameruka nao kutoka bara hili hadi kule. Amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock pamoja na mkuki wake. Sijui nimsifu ndege au nimpe pole.

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa mambo haya kwa shida. Mabum na majahazi yalikuwa yakishuka kwa kaskazi na kurudi Arabuni kusi ikianza, na ndege nao wana musimu wao. Tofauti ni kwamba korongo haipendi bahari. Huyu haruki kwa kupiga mbawa. Hupandishwa na hewa ya joto itokayo ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni dhaifu. Kwa hiyo huzunguka: Istanbul, Sham, Sinai, akafuata Nili, na wengine hufika hadi Afrika Kusini. Nahodha hasa ni kozi wa Amur, ndege asiyefikia gramu 200, anayetoka Siberia na kaskazini ya China, akapumzika Bara Hindi, kisha akaikata bahari kwa upepo wa kaskazi hadi Afrika ya Mashariki.

Mwenye ardhi alitukuta hapo, mzee wa Kimaasai mwenye shuka na fimbo, na viatu vya tairi. Tukasalimiana. Alimtazama kijana aliyelala kifudifudi na kamera, akacheka.

"Bwana wa Pwani, huyu ananunua ardhi au ananunua ndege?"

Nikamwuliza kwa nini anauza. Hakuona haya kunijibu. Ukame wa mwaka 2022 ulimmalizia ng'ombe, na watoto wako shule. Kitengela kulianzishwa mpango mwaka 2000 wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa eka kila mwaka, wasiuze wala wasizungushe ua. Mpango mwema. Lakini ploti ya mpwa wangu ni thumuni ya eka. Hiyo ni nusu dola kwa mwaka, na kwa hesabu hiyo umri wa Nabii Nuhu hautoshi kuifikia bei anayoitoa dalali.

Jambo moja nililiona nikanyamaza. Korongo mmoja alisimama kando ya jiwe la mpaka lenye rangi nyekundu. Mpwa wangu alilenga, akashusha kamera, akajikokota hatua mbili upande wa kushoto, ndipo akapiga. Jiwe halikuingia katika picha.

Ilipofika saa nne ardhi ikapata joto. Korongo wa kwanza akaruka, wakamfuata wote, wakazunguka juu yetu kama moshi wa ubani, juu zaidi na zaidi, bila kupiga mbawa, kisha wakaelekea kaskazini. Hakuna aliyesema neno, hata yule mzee.

Dalali akafika na makaratasi. Kabla ya kutia sahihi nilimvuta mpwa wangu kando, nikamwambia ajenge nyumba yake kwa heri, ana wanawe na kodi ya kupanga haina mwisho, lakini ukuta angeuacha kwanza.

"Mjomba," alisema, macho yapo kwenye kamera, "kiwanja kisicho na ua huku huibiwa."

Nikauliza kalamu iko wapi.